Mkono wa Chini, Kulia

Nilivifungua vyote Jumamosi, sebuleni,
juu ya mkeka wa plastiki ambao mke wangu
ameniambia nisiurudishe tena ndani:
mikono minne ya juu, minne ya chini,
habu, mabano, fimbo ya stabilaiza.
Bushi nikazing'oa kwa jeki na matusi.
Gari lenyewe lilifika Tabata katika makasha tisa,
nusu limeundwa, nusu ni karatasi za maelekezo
zenye doa la chai la mtu nisiyemjua.
Mwaka wa sita huu.
Majirani wamelipa jina: Kesho.

Vingunguti, nyuma ya ghala la magodoro,
Chausiku anapaka rangi ya unga
mageti, vitanda vya bweni, nondo za madirisha.
Alivipima vyuma vyangu kwa jicho, akacheka.
"Hivi si vya kukaa uvunguni mwa gari?
Nani atainama kuviona?"
Mimi, nikamjibu.
Akaandika bei.

Kwanza mchanga. Kijana wake, Zamoyoni,
kajifunika kichwa kizima kama mrina asali,
akavipiga mpaka kutu ikakimbia, na rangi ya kale,
na grisi iliyoganda kama lami,
chuma kikabaki jivujivu, uchi.
Na hapa hewa ina chumvi:
chuma kikilala uchi usiku mmoja tu
asubuhi kimeota upele.

Ndipo alipouona.
Mkono wa chini, kulia, bomba linapokutana na bano,
ufa, mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
umeuzunguka mshono nusu duara.
Akauzungushia chaki.
"Huu siupaki."
Nikamtajia wahenga, ufa na ukuta wao.
"Walisema kuziba," akasema. "Hawakusema kupaka."

Mshono ule ni wa Kibwana Shomvi.
Alichomelea usiku mmoja mwaka juzi, uani kwangu,
umeme ukija, ukikatika, ukija.
Nikamlipa nusu.
Nusu ya pili, nikamwambia, gari likitembea.
Halijatembea. Hatujasalimiana.

Simu iliita mara nne.
"Mkono upi?"
Wa chini. Kulia.
Kimya. Nyuma yake redio, na mtoto anahesabu,
anaruka saba, anarudi.
"Usiku ule," akasema, "huyu hapa alikuwa amelazwa Amana.
Mkono ulinitetemeka. Nilidhani ni umeme."
Hakuitaja ile nusu.
Niliitaja mimi.

Alikuja na mashine ya kuazima.
Akausaga ufa mpaka kwenye kina chake,
akauchomelea polepole, akituliza pumzi kila tone,
nasi watatu tumegeukia ukutani
tukitazama vivuli vyetu vikiruka.

Kisha ndoano. Kisha vizibo kwenye meno ya bolti,
waya wa ethi, bunduki ikavuma,
na unga ukatoka kama vumbi la kawaida
halafu ukakata kona wenyewe hewani
ukauvamia hata mgongo wa chuma
kama sisimizi walioambiwa kuna sukari.
Ukipuliza, unapeperuka.
Ukigusa, kidole chako kinabaki hapo milele.
Zamoyoni alitufukuza kwa ufagio.

Tanuri, nyuzi mia mbili.
Luku ikaonyesha yuniti tatu.
Kibwana akatoa simu, akanunua za elfu kumi,
akabofya tarakimu ishirini akizitamka moja moja,
na saba hakuiruka.
Tukakalia ndoo. Dakika ishirini
hakuna aliyeulizia deni wala mtoto.

Vilitoka vyeusi, vyenye mng'ao wa zambarau iliyooshwa.
Vilipopoa nikaupapasa ule wa kulia kwa dole gumba.
Jicho halioni kitu. Dole linaona:
chini ya ngozi mpya kuna tuta dogo, imara,
mawimbi mawimbi, mwandiko wa mtu.

"Sasa litatembea lini?" akauliza Kibwana.
Nikafungua mdomo,
neno likanijia,
nikakumbuka ni jina.