Mfereji Namba Nne

Saa nane usiku, samaki wa mwisho ameshapita kisuni.
Nje theluji inaifunika ghuba bila kishindo;
ndani Bogumiła anaburuta mpira wa maji ya moto
akiutukana kwa Kipolandi mfereji namba nne.

Kila Jumatatu Steinunn wa maabara huja na pamba kijitini,
hupangusa, hutia chupani, hufunga.
Kila Alhamisi jibu ni lilelile:
yumo.

Tumempiga klorini. Tumempiga mvuke.
Tumempiga chumvi, povu la bluu,
na baridi inayogandisha mafuta ya chewa kwenye makali ya visu.
Yumo.

Anaishije, nikauliza, kidudu kisicho na hata jicho?

Steinunn akavua glavu, akachokoa siagi kwenye mkate wangu.
Imekakamaa, unaona?
Naye kavikwa utando wa mafuta.
Ukikakamaa hivi, hakipiti kitu, si cha kuingia si cha kutoka;
atakufa njaa katikati ya karamu.
Basi huyabadili mafuta yenyewe,
huyafupisha, huyatia matawi
yasilaliane kama kuni zilizopangwa,
yabaki teketeke.
Haongezi koti. Anaishona upya ngozi
naye yumo ndani yake.

Na povu?

Povu huvutwa na ukuta wake, chanya kwa hasi.
Basi hupachika ukutani vijipande vidogo,
huupunguza uhasi,
na dawa hupita mlangoni
kama mgeni aliyepewa namba ya nyumba isiyo yenyewe.

Akala ile siagi. Akaondoka.

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.
Huyu hakuvua.

Bogumiła alikuwa amesikia yote, kumbe.
Akapiga goti, akavua glavu ya kulia
(ni kosa, tunakatwa mshahara kwa hilo)
akatia kidole kwenye ufa wa chuma.
Utelezi, akasema. Kama ulimi.
Humo wamelaliana maelfu, wamejimwagia ute,
wa nje wanakufa, wa ndani wanangoja.
Akakaa vile muda mrefu. Sikujua nimwambie nini.
Ana miaka tisa hapa, na bado hulala na soksi mbili.

Mwezi wa pili walikuja mafundi na msumeno.
Cheche ziliruka hadi darini.
Mfereji namba nne ukatoka kama jino, mweusi chini,
ukatupwa nje, theluji ikaufunika kabla ya chai.

Alhamisi: hayumo.
Alhamisi: hayumo. Meneja akaleta keki.

Alhamisi ya tatu Steinunn alifika bila kuvua koti,
akapita mfereji mpya, akapita mizani,
akasimama mbele ya toroli langu.
Akaliinua gurudumu la nyuma, la kushoto,
lile linalolia,
akaniomba tochi.