Rudi Alhamisi

Ulikuja Jumatatu, saa mbili kasoro,
baiskeli umeikokota kutoka Makorora
kwa sababu magoti yalikataa pedali.
Mnyororo umelegea, unagonga ngazi zetu,
ko, ko, ko,
kama mtu abishaye hodi pasipo kutarajia karibu.

Mimi ndiye niliyekaa dirishani.
Kalamu ya buluu, daftari la mistari,
stempu ya tarehe ile ya kuzungusha kwa kidole.

Ukasema, "Dada, leo nimechoka. Leo nataka."
Miayo juu ya miayo, pua inachuruzika,
malaika yamekusimama mikono yote miwili,
na joto lile la Februari, joto la Tanga,
mtu mzima unatetemeka ndani ya koti.

Nikakuuliza namba ya simu. Huna.
Barua ya mtaa. Huna.
Ndugu wa kukudhamini?
Ukacheka kidogo, ukamtaja dada yako Mwanamkasi,
kisha ukaitaja cherehani yake, uliyoiuza,
na hukucheka tena.

Nikasema mkojo upimwe, damu ipimwe,
kuna kikao cha kwanza, kuna kikao cha pili,
na daktari yuko semina.
Nikaandika, kwa mwandiko ninaosifiwa tangu darasa la nne:
Singano Mhina, miaka thelathini na mmoja,
arudi Alhamisi, tarehe kumi na tatu Machi.
Wiki mbili na siku tatu.
Nikagonga stempu. Nikasema, "Anayefuata."

Hesabu sikuifanya siku ile, naifanya sasa:
arosto hubisha mara tatu kwa siku, ikikuhurumia.
Siku kumi na saba, arosto hamsini na moja.
Nilikutaka ushinde vita hamsini na moja mikono mitupu
ndipo nikupe ngao.

Kijiweni, nyuma ya ghala la katani, hakuna daftari.
Muuza kete haulizi barua ya mtaa.
Haendi semina. Hafungi saa tisa na nusu.
Ukibisha usiku wa manane anafungua,
ukipungukiwa mia tano anakukopesha,
na jina lako analijua.
Hili ndilo linalonichoma:
kwamba aliyekuua
alikuwa mwepesi wa huduma kuliko sisi.

Wahenga walimwonya anayechelewa.
Anayecheleweshwa hawakumwachia neno.

Alhamisi nilikuita mara tatu.
Kisha nikalipigia jina lako mstari, kwa rula,
mstari ulionyooka sana.

Ijumaa akaja Mwanamkasi. Hakuja kulaumu.
Alikuja na kadi yako,
waliyoikuta mfukoni mwa shati siku ya tisa,
umeifunga kwenye nailoni ya barafu, fundo mbili,
isilowe jasho.
Akaisukuma chini ya kioo, akauliza
kama nafasi hiyo anaweza kupewa mwingine.

Sikumjibu. Nilijifanya natafuta kalamu.

Siku hizi kuna nafuu, si kubwa.
Nesi Kiluwa aligombana na wakubwa miezi minane,
akashinda nusu: kwanza kikombe, karatasi baadaye.
Anayesema leo, anatazamwa leo,
anapimwa pale pale, anakunywa pale pale
dozi ndogo, chungu, mbele ya macho yetu.
Barua ya mtaa itakuja na miguu yake.
Jumapili bado tunafunga.
Wa Pangani bado wanadamka saa tisa usiku,
na wengine njiani wanaishia kwingine.
Sikudanganyi, Singano. Ni nusu.

Ila jana, saa tisa na dakika arobaini,
nimeshashika funguo, kanga nimeshajitanda,
nikasikia mnyororo uliolegea
ukigonga ngazi.

Kijana mdogo, koti zito. Akaanza,
"Dada, najua mmefunga, nitarudi..."

Nikamwambia iegeshe hapo.
Ingia.