Mahali Sakafu Haifiki

Faili ziko mia tatu na kumi na mbili,
zimefungwa kwa kamba ya katani, chumba cha nyuma,
hospitali ya Malindi, ambako feni huzungusha joto
bila kulipunguza.
Tumepewa kazi: tumsome upya
kila mtoto wa chini ya miaka miwili
aliyeletwa na neno "ameanguka".

Ameanguka kitandani. Ameanguka ngazini.
Ameanguka mgongoni mwa dadake wakitoka Barani.
Jumwa anasoma, mimi naandika namba,
kwani utafiti hautaki majina.

Watoto huanguka, hilo halina ubishi.
Anayejifunza kusimama hujigonga paji, goti, kidevu;
ni dunia inamsalimu.
Lakini sikio? Shingo?
Ubavu, chini ya kwapa,
mahali ambapo sakafu haifiki?
Na asiyetambaa bado
atajigonga wapi, naye hukutwa pale alipolazwa?

Zamani tulifundishwa kusoma siku kwa rangi:
nyekundu ya jana, zambarau ya juzi,
manjano ya wiki iliyopita,
kama mtu achaguaye embe sokoni.
Sasa tunaambiwa rangi ni shahidi mwongo,
na kwenye ngozi yetu hunong'ona tu.

Kuna ukurasa Jumwa huusoma taratibu:
bibi mmoja wa Muyeye, mjukuu ana madoa ya buluu
juu ya makalio. Akahojiwa hadi usiku, polisi mlangoni,
kumbe ni alama za kuzaliwa,
alikuja nazo kutoka kwa Mungu, wala haziumi.
Mwingine alikuwa na chale za mganga, tatu tatu, kifuani.
Tusikimbilie, asema Jumwa.
Tusikimbilie, wala tusilale.

Ya mia moja na kumi na saba
nimeijua kabla hajafungua kinywa.
Mwandiko ule wa haraka, wenye k iliyopinda,
ni wangu.
"Miezi mitatu. Alianguka kitandani usiku.
Mkono wa kushoto. Bandeji. Dawa ya maumivu. Arudi nyumbani."

Nakumbuka baba, shati safi, mpole.
Alicheka kidogo, akasema
mcha mwana kulia, hulia yeye,
nami nikaitikia kwa kichwa,
kwa sababu methali ni ya wazee wetu
na foleni ilifika hadi langoni.
Mama hakusema kitu. Alikuwa akihesabu vigae.
Sikuuliza kitanda kina kimo gani.

Bi Esha Famau wa eksirei ameibandika picha dirishani;
kisanduku cha mwanga kimekufa tangu Rajabu.
Tazama, asema. Huu wa mkono ni mpya.
Na hizi mbavu, moja, mbili, ya tatu huku nyuma,
zina vifundo kama muwa.
Zilishajiunga zenyewe, wiki kadhaa kabla,
bila kumwambia mtu.
Picha ilikuwa humu siku zote.
Mimi nilitazama mkono. Niliulizwa mkono.

Nyuma ya jalada, kwa wino mwingine,
afisa wa ustawi wa jamii aliandika alichoambiwa na jirani:
nyumba ile haina kitanda.
Wanalalia mkeka.

Mkeka.
Mtu huanguka kutoka mkekani kwenda wapi?

Jina lake Mbeyu. Naliandika hapa, si kwenye fomu.
Kadi ya kliniki ina nukta tatu za uzito,
kisha miraba mitupu hadi ukingoni.
Labda walihamia Watamu. Labda.
Jumwa anasubiri jibu la safu ya mwisho.
Dalili ilikuwepo?
Andika ilikuwepo.
Ilitambuliwa?

Saa nane narudi zamu.
Mama wa Kisumu Ndogo, mtoto wa kiume. Homa tu, asema,
na pengine ni homa tu.
Nasugua viganja hadi vipate joto.
Namvua soksi, kofia, kile kifulana cha manjano,
namgeuza taratibu,
nakunja sikio lake kwa kidole kimoja
na kutazama nyuma.