Kikohozi cha Kuazima

Barua ya bima ilikuja kila Oktoba, ikitangulia theluji.
Baba aliiacha juu ya friji siku tatu,
kana kwamba ikipoa itapungua.

La Chaux-de-Fonds, mtaa wa mteremko.
Baba aling'arisha makasha ya saa
ambazo hangeweza kununua hata mkanda wake.
Mama, Deolinda, alipiga deki benki
saa kumi na moja alfajiri, wenye fedha wamelala.
Ada ilitoka mwezi ungali mchanga.
Lazima. Serikali imesema.

Na ukishalipa, mlango una kizingiti:
faranga elfu mbili na mia tano
uzitoe kwanza mfukoni, ndipo bima ianze kukujua.
Walichagua kizingiti kirefu kuliko vyote
ili ada ishuke, mkate ubaki.
Wakawa kama mtu aliyenunua mwavuli
akaukumbatia kwapani mvuani, usije ukalowa.

Mimi tu, kwa kuwa mtoto, sikuwa na kizingiti.

Nilikuwa na miaka saba, buheri wa afya,
mama aliponivika koti akanipeleka kwa daktari Perrenoud.
"Anakohoa usiku," akasema.
"Akipanda ngazi kifua kinambana, hapa,"
akajigusa,
kisha haraka akanigusa mimi.

Chuma baridi mgongoni. Vuta pumzi. Toa.
Nilijitahidi kukohoa, nikashindwa.
"Makohozi yake?"
"Yana damu kidogo, asubuhi,
akishamaliza kudeki ghorofa ya tatu..."
Akanyamaza.
Mimi sikuwahi kushika tambara.

Daktari alitazama dirisha, akatazama faili.
Akaipangusa stetoskopu,
akasogeza kiti nusu hatua, si upande wangu.
"Fungua koti, mama," akasema polepole.
"Leo nampima mtoto.
Jina la mtoto nimeshaliandika."

Nakumbuka vifungo vinne. Kimoja kilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Sasa nina thelathini na nne na barua zangu mwenyewe.
Juzi wakala alinipigia, sauti ya asali,
anataka kuniuzia bima ya nyongeza.
Alikuwa na maswali, alikuwa na historia yangu.
"Naona utotoni uliumwa mapafu," akasema.
"Yalipona lini?"

"Hayakupona," nikamwambia.
"Tuliyazika mwezi Machi."

Nikasikia kalamu yake ikisita,
ikitafuta kisanduku cha kutia alama.