Mlio wa Kiti

Kinanda kilitoka bandarini ndani ya blanketi,
kimebebwa na mabaharia wawili kama wanaokwenda kuzika.
Shekue alikilipia pikipiki ya marehemu baba yake
na deni ambalo mamake hakuambiwa.

Sisi tulikuwa Radi ya Chumbageni.
Magitaa matatu, spika zilizozibwa kwa gunia la mkonge,
na mimi Mhando nyuma kabisa, na drams zangu tano.
Tukipiga, vioo vya ukumbi vinatetemeka,
vijana wanarusha mashati,
na wazee wa Barabara ya Kumi na Tisa
wanatusomea dua tufutike.
Tuliipenda dua ile. Tulijiona watu.

Basi Shekue akabonyeza kitufe chekundu,
ikatoka sauti sijui niifananishe na nini.
Si zumari. Si honi ya garimoshi.
Kama mtu anapulizia mdomo wa chupa,
na chupa yenyewe ndefu, kutoka hapa mpaka Korogwe.
Akabonyeza kingine: ngoma.
Tak. Tak.
Ngoma isiyotoka jasho, isiyodai nauli,
isiyochelewa mazoezi kwa sababu ya msiba.
Akanitazama.
Nikavitazama vijiti vyangu.

Wimbo aliutunga umeme ulipokatika siku tatu,
vidole juu ya vitufe vilivyokufa,
anausikia kichwani tu, mshumaa umesimama kwenye kisosi.
*Rudi, nimekuzoea, rudi.*
Leo mwambie mtu yeyote Tanga hii
kwamba alikuwa anauimbia umeme,
uone kama hutapigwa.

Tulirekodi sebuleni kwa Bi Mwanaidi, Ngamiani,
mablanketi madirishani, jogoo kafunikwa tenga.
Fundi Kassamali akainua kidole: kanda imebaki moja.
Nami nikaambiwa, "Wewe kaa tu, Mhando.
Usipumue kwa nguvu."
Dakika nne na nusu nimekaa, mikono mapajani,
kama mkwe aliyewahi kufika.
Ya tatu ikanishinda. Nikajisogeza.
Kiti kikalia: kwii.
Macho yote kwangu, na Shekue anaimba,
hawezi kuacha, kanda ni moja.

Ukumbini tulipoupiga mara ya kwanza
hakuna aliyerusha shati.
Kimya, kisha sauti ya mlevi kutoka nyuma:
"Toeni jeneza hilo, tupigieni Radi!"
Chupa ya soda ikapita sikioni kwangu.
Mbelwa akachomoa waya wa gitaa lake palepale,
akasema radi haibembelezi,
akashuka jukwaani. Hakupanda tena.

Halafu redio ikauokota, kwenye kipindi cha salamu.
Wanawake wa kiwanda cha kamba wakauimba zamu nzima,
muuguzi mmoja wa Bombo akaandika barua kurasa sita.
Muheza, walisema, mke aliyeondoka na godoro
alirudi, na godoro.
Maharusi wakautaka. Hata wale wazee,
mmoja nilimkuta kibarazani anautafuna kimoyomoyo,
akaniona, akajifanya anakohoa.

Shekue walimpa sifa, nami sikumwonea wivu.
Uongo. Nilimwonea, mwaka mzima,
nikauza drams kwa fundi sufuria.

Juzi nimeingia saluni, Barabara ya Nane,
kununua uzi wa kushonea makochi.
Simu ya msusi inaupiga, kiwambo kimepasuka.
Nikasimama nikihesabu kwa kisigino
mpaka dakika ya tatu.
Binti anayesukwa alikuwa anaufuatisha, kichwa kimeinama,
hajui Radi, hajui kanda, hakuwa amezaliwa;
na ulipofika pale
naye akapandisha sauti, nyembamba, mahali pake hasa:
kwii.

Msusi akaniuliza, "Mzee, uzi wa rangi gani?"
Nikasema wowote.