Salio

Kijiji chetu ni kimya. Ukidondosha msumari hapa mlimani
watu wa Chavakali wanakohoa kuonyesha wamesikia.
Ndiyo maana Agufa alinong'ona,
mvua ya saa kumi ikipiga mabati:
"Fundi, nataka jeneza. Futi sita na inchi mbili."

Nikatoa penseli sikioni. Pole, nikasema, nani katuacha?
Akatazama maranda yaliyomjaa viatuni.
"Bado."

Akalipa nusu, noti za chai, zina unyevu.
Mimi ni fundi, si kanisa. Sikuuliza tena.
Lakini usiku ile tepu ilininyima usingizi.
Kichwani mwangu nikamlaza kila mwanamume wa kijiji:
mchungaji, mfupi.
Mwalimu Mmboga, mfupi, na bado ananidai.
Mimi mwenyewe nilijipima mara mbili,
mara ya pili nimevua viatu:
tano na inchi tisa, ashukuriwe Mungu.
Akabaki mmoja, Lumadede, karani wa mizani
pale wanaponunua majani chai,
aliyemwibia Agufa kilo mbili kila asubuhi
na mke kila Alhamisi.

Ningemwonya. Nilifika, nikasimama foleni bila gunia.
"Fundi, umeleta nini?"
Nikaikumbuka ile nusu nyingine, na karo ya Januari.
"Nimekuja kusalimia tu,"
nikasema, nikimkadiria mabega.

Jumatano, taa zimezimwa kote, akaja Kageha,
mke wa Agufa, leso kichwani, bila mwavuli.
Akalizunguka jeneza, akaligonga kwa kifundo cha kidole
kama tikiti la sokoni.
"Zuri. Liweke kwanza.
Nitengenezee la futi tano na nusu."
Akalipa lote. Hakuomba kupunguziwa hata shilingi.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi Agufa akamwalika Lumadede, wapatane.
Jogoo akachinjwa. Firigisi, ambayo hata mtoto anajua
ni ya mwenye boma,
Agufa akaisukuma kwa mgeni kwa mkono wake mwenyewe,
na majirani wakasema, tazama Mkristo huyo.
Kumbe jikoni masufuria yalikwisha kushauriana.
Dawa ya kupe iliyonuiwa firigisi
ilikuwa imehamia bakuli la mchuzi la baba mwenye nyumba.
Agufa alikufa akitabasamu,
akimtazama mgeni anavyotafuna.

Koplo Nyamweya alifika Jumatatu, pikipiki imekwama matopeni.
Akapewa chai. Akainusa kwanza.
Akaandika: moyo.
Mimi aliniuliza jambo moja tu,
jeneza liliwezaje kuwa tayari kabla maiti haijapoa?
"Afande," nikamjibu, "huku watu hufa kwa saizi,
nami huweka akiba."
Akacheka. Kitanda chake nitakimaliza Ijumaa.

Tulimzika Agufa kando ya migomba.
Lilimkaa kama suti.

Sasa Lumadede anatundika koti lake kwa Kageha.
Amenenepa, jambo linalonitia wasiwasi
upande wa mabega.
Alhamisi, wanasema, siku hizi huonekana Mbale.
Jioni hupita mlangoni pangu akipiga mluzi,
nami huinua randa kumjibu.
Lile kubwa liko nyuma, limeegemea ukuta.
Nimehifadhi humo mbegu za mahindi, panya wasizifikie.
Mkaratusi hauna haraka.

Jana Kageha alikuja kununua misumari, robo kilo.
Akahesabu chenji, akafika kizingitini, akageuka.
"Fundi," akasema, "lile la kwanza,
salio lake liliwahi kulipwa?"