Elfu Mbili ya Nauli

Nyundo yangu ya mwisho ilidumu siku tisa.
Ya kumi, kichwa kiliruka dirishani,
kikatua kwenye maharage ya Mama Kijoli.
Nikalipa maharage, nikalipa na sufuria,
nikabaki na mpini
kama mtu aliyeachiwa mkia wa mjusi.

Patasi ilikunja ncha siku ya kwanza ilipoonja mninga.
Bisibisi, hata nisiseme.
Mchopa, mwenzangu wa banda pale Keko, akacheka:
"Wewe vifaa hununui, unakodi."

Ndiye huyo huyo aliyeleta habari:
Gerezani, duka la Valji linafungwa,
wanamaliza mali.

Kibao bado kinasema VALJI NA WANAWE.
Wana walishapanda ndege zamani.
Kaunta amebaki binti, Hansa,
miwani juu ya nywele, kalamu nyekundu mkononi,
anazikata bei kama anayepalilia.

Watu wamebanana kwenye mashine za umeme,
mmoja kashika drili, mwingine kashika boksi lake,
hakuna anayemwachia mwenzake.
Mimi nikapiga magoti rafu ya chini,
penye vumbi ambalo halijaguswa
tangu enzi za sukari ya foleni.

Karatasi ya nta. Grisi iliyoganda, rangi ya asali.
Nikafunua kwa ukucha.

Randa.

Chuma kizima, na kishikio cha mti mwekundu
nisioujua jina,
mimi ninayeijua miti kwa harufu.
Nikaugonga ulimi wake: ukalia,
si ile "ta" ya bati,
ukalia mrefu, kama vikombe vya muuza kahawa
mtaa ukiwa bado umelala.
Chini yake patasi sita, pana hadi nyembamba,
zimelala mzungu wa nne.

Wanasema kizuri chajiuza.
Hiki hakikujiuza. Kilikaa.
Kikaona mageuzi yakija, na mitumba, na makontena ya bei chee,
kikakaa tu ndani ya grisi yake.

Lebo: laki na themanini, imekatwa.
Tisini, imekatwa.
Arobaini.
Na mfukoni nina arobaini kamili,
malipo ya awali ya kabati la mteja wa Mbagala,
kabati ambalo hata miguu halijaota.

Hapa sasa niseme kweli.
Nilijua. Kwa laki mbili bado ningeiita zawadi.
Lakini ulimi uliokulia Kariakoo haungoji ruhusa:
"Dada, niachie basi elfu mbili ya nauli."

Hansa akanitazama.
Akaigeuza randa, akapuliza vumbi
mahali pasipo na vumbi.
"Baba alikuwa anaipaka grisi kila Diwali," akasema.
"Wala hakuwahi kuranda ubao hata mmoja."
Kisha akanirudishia elfu mbili,
noti mpya kuliko zangu zote.

Nauli sikuitumia.
Nilivuka daraja kwa miguu,
mzigo begani, ile noti mfukoni
ikinichoma paja.

Usiku, chini ya taa ya banda,
nikaunoa ulimi kwenye jiwe la mafuta
hadi nikajiona ndani yake: pua, na jicho moja.
Nikafunga ubao wa mninga kwenye jiriwa,
mkono mmoja mbele, mmoja nyuma,
nikasukuma.
Likatoka randa moja refu, jembamba,
toka kichwa cha ubao hadi mguuni, halikukatika.
Mchopa akalinyanyua kwenye mwanga,
akaviona vidole vyake upande wa pili.
Akakaa kimya, yeye asiyejua kukaa kimya.

Halafu: "Bei gani?"

"Arobaini," nikasema.
Thelathini na nane iligoma kutoka mdomoni.